Uzi Kwenye Mkono Usiokuwepo

Kabla ghorofa halijaanguka, wateja walikuwa wakipanga foleni kwa ajili ya mikono ya yule mwanamke. Alikuwa msusi, na wasusi mtaani hawakuwa haba, lakini wengi wao walisuka kana kwamba wanang'oa magugu. Yeye alikuwa na mkono mwepesi. Ukikaa kwenye kigoda chake shingo inakulegea, usingizi unakupitia, unazinduka umeshasukwa mistari myembamba mpaka kisogoni na hukutoa chozi hata moja. Mdomo nao ulikwenda sambamba na vidole. Umbea wa mtaa mzima ulipita mikononi mwake, ukachanwa, ukagawanywa, ukatoka umependeza kuliko ulivyoingia.

Siku hizo aliitwa kwa jina la mwanawe, kama mama mwingine yeyote. Mwana mwenyewe alikuwa binti wa pekee, mwembamba, mwenye maswali yasiyokwisha. Baada ya mazishi watu waliona haya kulitamka lile jina. Wakajaribu "shoga", wakajaribu "dada", wengine wakawa wanakohoa kwanza ndipo waanze maongezi. Mwisho wakatulia kwenye "Msusi", jina la kazi, na wakati huo kazi yenyewe ilikuwa imeshamshinda.

Ilitokea mchana, mvua inanyesha. Msusi na binti yake walikuwa wakishuka ngazi za jengo lililokuwa na chumba chake cha kusukia, amemshika mtoto kwa mkono wa kushoto, mkoba wa vifaa begani. Jengo likakaa chini. Wale wanaosema lilinguruma au liliyumba hawakuwemo ndani. Lilikaa chini tu, kama mtu aliyechoka, na bamba la zege likashuka katikati yao. Mama akabaki upande huu, mtoto upande ule, na mikono yao ikawa imepita chini ya zege, imeshikana. Alimsikia mwanawe akiita, kisha akawa hamsikii, lakini vidole aliendelea kuvisikia. Alivisikia mpaka waokoaji walipofika. Alivisikia mpaka daktari mmoja alipoingia kwa tumbo kwenye ule upenyo, akamchoma sindano na kumwambia afumbe macho.

Alipoyafumbua alikuwa hospitali, mkono wa kushoto umeishia chini kidogo ya kiwiko, na mtoto walikuwa wameshamzika. Hakumwosha, hakumvisha, hakumuona. Aliambiwa tu, na kila aliyemwambia alikuwa akiangalia dirishani.

Mkono uliokatwa haukumtoka. Kigutu kilipona vizuri, ngozi ikafunga, manesi wakamsifu, lakini mbele ya kigutu, hapo penye hewa tupu, kiganja chake kilikuwepo. Kilikuwa kimefumbwa, kimekaza mpaka kucha zinamchimba. Maumivu yake hayakuwa ya kuja na kuondoka. Alikula nayo, akafagia nayo. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno machache ambaye baada ya msiba aliyapunguza hata hayo, alikuwa akikaa naye kitandani akikanda shuka lililokuwa tupu. Msusi alimwonyesha mahali: hapa, la, mbele kidogo, hapo. Naye anakanda shuka kwa adabu zote kana kwamba pana mkono.

Kisha kukawa na mambo mengine ambayo hakumweleza mtu. Mvua ikinyesha, kiganja kililowa, hata kama yeye amekaa ndani na paa halivuji. Kililowa taratibu, kutoka juu kushuka, jinsi ardhi inavyolowa. Kulikuwa na uzito juu yake. Kulikuwa na kitu chembamba kimezungushwa kwenye kifundo cha mkono, kinabana. Na ndani ya ile ngumi kulikuwa na vidole vingine, vidogo, na vidole hivyo vilikuwa vikivuta.

Kazi aliiachia mdogo wake. Wakapata chumba kingine, cha chini safari hii, maana hakuna aliyetaka tena kusikia habari za ngazi. Mdogo mtu anasuka, Msusi amesimama nyuma ya mteja na kichana cha mkia, anagawa nywele kwa mkono wa kulia na kutoa amri. "Hapo umekaza. Legeza. Huyo ni binadamu, siyo mkeka." Wateja walicheka, na siku zikaenda.

Mpaka siku ya yule karani wa posta. Alikuwa ameshasukwa upande wa kulia, mdogo mtu akatoka uani kunawa mikono. Msusi alibaki amesimama, kichana mkononi, anatazama mvua mlangoni na kuwaza yake.

"Taratibu upande wa kushoto, dada," karani akasema. "Unanivuta."

Msusi aliendelea kutazama mvua.

"Dada, si nimekwambia unanivuta! Na mkono wako mbona wa baridi hivyo?"

Wakati huo mdogo mtu akaingia kutoka uani, anajikausha kwa kanga. Karani akamwona kwenye kioo kilichokuwa ukutani. Akaangalia mkono wa kulia wa Msusi, ulioshika kichana, uko mbali naye. Akaangalia kigutu kimeelekezwa kichwani kwake, hakijamgusa. Polepole akapeleka vidole vyake upande wa kushoto wa kichwa na kuvitoa, akavitazama, vina maji. Ni kweli nywele zilikuwa zimeoshwa muda si mrefu. Lakini yule mama hakungoja kuelezwa. Alitoka kichwa nusu kimesukwa, nusu msitu, akakatiza mtaa hivyohivyo, na kabla jua halijazama kila mwenye nywele alikuwa na habari.

"Dada," mdogo wake akamwambia walipokuwa wanafagia, "mimi nakupenda, unajua. Lakini unaniogopesha. Nenda hospitali kwa wale watu wa utafiti."

"Nikafanye nini? Nikachunguzwe kama panya?"

"Ukachunguzwe kama mtu. Maana hapa tunakuchunguza sisi, na sisi hatujui kitu."

Utafiti wenyewe ulikuwa wa watu waliopoteza viungo: wanaumwaje, wanalalaje, wanawaza nini wakibaki peke yao. Ulifanyika kwenye chumba cha mwisho wa korido, nyuma ya stoo ya magongo na viti vya magurudumu. Nje kulikuwa na benchi, na kwenye benchi dereva wa zamani wa lori, mguu mmoja, maneno ya watu wanne.

"Karibu kwenye chama," akamwambia. "Mimi wangu ulikwenda na lori. Mpaka leo gari ikinipita kwa kasi nausikia unakanyaga breki. Wewe wako unafanya nini?"

"Umelala," Msusi akajibu.

"Una bahati," dereva akasema, lakini alimtazama usoni na hakuendelea na utani.

Mtafiti mkuu alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, mwanamke wa makamo, mwenye mguu wa bandia uliokuwa ukilia kidogo kila akipiga hatua. Msusi alikuja amejiandaa kukutana na mtu wa kumhurumia, na huruma alikuwa ameshaichoka. Daktari hakumhurumia. Aliwasha kinasa sauti, akavuta karatasi zake, na kwanza kabisa akamwambia kwamba yeye mwenyewe vidole vyake vya mguu, vile visivyokuwepo, vilikuwa na tabia ya kuwasha katikati ya mikutano, na alishawahi kuonekana na wakubwa akikuna kiatu.

Ndipo maswali yakaanza. Loo, maswali! Sijui watu hawa huyatoa wapi. Mkono usiokuwepo una joto au baridi? Umenyooka au umekunjwa? Kuna kitu kinaubana? Kuna kitu kinauvuta? Kama kinauvuta, kinauvuta kuja mwilini au kwenda mbali na mwili? Msusi alijibu harakaharaka, kama mtu anayelipa faini. Baridi. Umekunjwa. Kinabana, hapa kwenye kifundo. Kinavuta. Kuja kwangu.

"Kuna siku unaona maisha hayana maana?"

"Unataka za wiki hii tu, au zote?"

Daktari aliinua macho. Hakucheka, hakuandika. Aliweka kalamu chini, akamwambia, "Hiyo nimeisikia. Tutairudia, mimi na wewe, siyo kwa haraka." Na Msusi, ambaye tangu msiba alikuwa akijibu watu kwa kejeli ili wamwache, alijikuta macho yanamchoma.

Siku nyingine wakamletea kisanduku. Kilikuwa kitu cha kawaida, mbao na kioo kimesimama katikati. Unaingiza kigutu nyuma ya kioo, usikione, na mkono mzima unauweka mbele. Ukitazama kwenye kioo, mkono wako mzima unaonekana umekaa pale pasipo na kitu, na macho yanakuwa na mikono miwili. Daktari alimweleza yote hayo kabla. Alimwambia ni udanganyifu wa mchana kweupe, lakini ubongo huudaka, na wengi ngumi zao zimefunguka hivyo baada ya miaka ya kuumia.

Kuelezwa ni jambo moja na kuona ni jingine. Msusi alitazama kwenye kioo akaona mkono wake wa kushoto umerudi. Alikaa akiutazama tu, mdomo wazi. Alitikisa vidole, navyo vikatikisika. Alitaka kuubusu.

"Kunja ngumi zote mbili," daktari akasema kwa sauti ya chini. "Kaza. Vizuri. Sasa, polepole sana, fungua."

Alifungua. Kwenye kioo vidole vilianza kunyooka, na kule gizani, kwenye kile kiganja cha baridi, vilianza kunyooka pia. Kucha zikatoka kwenye nyama. Maumivu yakashuka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, yakashuka kama ndoo inavyoshuka kisimani, na katika ule unafuu alisikia vidole vidogo vinamteleza.

Alipiga ukelele uliomfikia dereva kwenye benchi. Alikisukuma kile kisanduku, kikaanguka, kioo kikapasuka, naye akatoka mbio bila viatu. Dereva wa lori alimuona akipita, mkono wa kulia umeikumbatia hewa kifuani, kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kinyeshewe.

Hakurudi. Mvua zikazidi, na maumivu yakarudi na ndugu zake wote. Sasa aliishika ile ngumi kwa makusudi. Alijua akilala fofofo italegea, kwa hiyo hakulala, akawa anakaa sebuleni amekaza meno. Akakonda. Mama mkwe alikuja kumtazama, akasema mkwewe amechezewa. Mdogo wake akasema anakufa mchana kweupe, watu wanaangalia. Msusi aliwasikia wote wawili. Jambo lililokuwa mbele yake lilikuwa wazi mno, nalo halikuwa na njia ya tatu: akifungua mkono atapona, na mtoto atabaki kule peke yake kwenye giza na maji. Asipofungua, basi. Alishachagua.

Katika utafiti ule kulikuwa na utaratibu wa kuongea pia na mtu wa karibu wa mgonjwa. Daktari akamwita mume. Msusi aliposikia, akavaa, akaandamana naye, si kwa kuwa anataka kutibiwa, bali aliogopa yule bwana asije akakubali jambo kwa niaba yake.

Wakakaa watatu kwenye kile chumba. Kioo kilikuwa kimeshabadilishwa. Mume alikaa na kofia magotini, mikono yake ya kazi, yenye alama za cheche, inaizungusha.

"Mama," daktari akamwambia Msusi, "hatuko hapa nikulazimishe. Nataka kuelewa tu. Siku ile ulikuwa unafungua vizuri. Ukaona nini?"

"Sikuona. Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

Msusi alimtazama mumewe, kisha sakafu. Aliona potelea mbali.

"Nimemshika mtoto wangu," alisema. "Tangu siku ile sijamwachia. Mnaniambia nifungue, nifungue. Nikifungua namwachia. Mnataka niseme hivyo kwenye hicho kinasa sauti chenu? Haya, nimesema. Andikeni mimi mwendawazimu."

Hakuna aliyeandika. Mume alikuwa ameacha kuizungusha kofia.

"Na hata ningetaka," Msusi akaendelea, maana likishatoka la kwanza mengine hayazuiliki, "hata ningetaka, hatoki. Nimefungwa naye. Kile kinachonibana hapa ni uzi. Uzi wangu mwenyewe, ule mweusi wa kusukia, ninaujua, nimeushika tangu nikiwa msichana. Umezungushwa mikono yote miwili, wangu na wake. Na aliyefunga hakujua kufunga, fundo limekaa upande, linanikwaruza kwenye mfupa."

Mume alisimama. Kofia ikaanguka.

"Nani amekwambia?"

"Ameniambia nini?"

"Habari ya uzi. Nani amekwambia? Mama yangu? Mama mwenyewe hajui! Tulikuwa mimi na yule mzee mwosha maiti, basi, na mzee ameshafariki. Nani amekwambia?"

Mguu wa daktari ulilia mara moja, alipoinama mbele. Msusi alisikia nywele za kigutuni zikimsimama. Kuamini peke yako kwamba mkono wako uko udongoni ni jambo moja. Kumuona mtu mzima anatetemeka kwa sababu umelisema ni jingine, na hapo ndipo alipoogopa kwelikweli. Aliogopa kuliko chini ya zege.

"Kaa chini, baba," daktari akasema. "Sema."

Mume hakukaa. Alisema akiwa amesimama, anaangalia ukuta, na pengine yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema kwa siku moja.

"Walipomtoa, mkono wako ulikuwa bado umemshika. Walisema hawawezi kuutoa bila kuvunja vidole. Vyako au vyake. Wakaniuliza, baba, tufanyeje? Wewe uko chumba cha upasuaji, wameniambia nijiandae, huenda usitoke. Nikawaza, kama na mama yake anakwenda, basi wako pamoja. Na kama haendi, angalau mtoto aende na mkono wa mama yake. Asiende peke yake. Nikasema mtoto azikwe na huo mkono hivyohivyo. Sasa kwenye kumbeba, nikaogopa mtaachana. Mkoba wako walikuwa wamenipa. Nikatoa uzi nikafunga." Akaiangalia mikono yake. "Nilifunga vibaya. Mikono ilikuwa inanitetemeka."

"Ulinizika," Msusi akasema.

"Mke wangu."

"Ulinizika, na mimi niko hai! Nalowa, nakwambia, kila mvua ikinyesha nalowa, nalala na udongo juu yangu, na wewe uko pembeni unakanda shuka, unajua!"

"Sikujua kama unasikia," alisema yule mwanamume, akaanza kulia kwa sauti, kilio kibaya cha mtu asiyekizoea.

Msusi alimchukia. Alimchukia kwa moyo wote, na katikati ya kumchukia aliona jinsi angekuwa yeye pale, na mtoto mbele yake, na mkoba mkononi, na akajua kwamba naye angefunga. Angefunga vizuri zaidi, hiyo ndiyo tofauti. Alinyoosha mkono wa kulia akamvuta shati, akamkalisha.

Daktari alikizima kinasa sauti. Alipekua karatasi zake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mtu angesema anajificha humo.

"Sina elimu ya jambo hili," alisema mwishowe. "Nisikudanganye. Utafiti wangu haufiki huko. Nina swali moja tu, nalo ni la kwenye dodoso, nawauliza watu wote. Uliniambia vidole vinakuvuta kuja kwako. Ulijibu haraka. Naomba usikilize tena. Vinavuta kuja, au kwenda?"

"Mtoto amefukiwa, mtoto anaogopa," Msusi akasema. "Atavuta kwenda wapi? Anamtaka mama yake."

"Sawa. Lakini sikiliza."

Msusi akafumba macho, kumridhisha tu. Tangu mwanzo vidole vile vilipovuta, yeye alikaza. Hakuwahi kungoja aone vinataka nini. Safari hii alingoja. Vikavuta. Bega lake la kushoto likaenda mbele, mbali na kiti. Vikatulia, vikavuta tena, bega likaenda tena, na mumewe aliliona. Hakukuwa na woga katika ule mvuto. Msusi aliujua. Ulikuwa mvuto wa mtoto ambaye mama yake amekutana na shoga yake njiani, maongezi yamenoga, na jua linazidi kuwaka. Twende. Si twende.

"Anavuta kwenda," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Anataka kwenda, na mimi nimemng'ang'ania."

Hakuna anayekumbuka vizuri wazo lile lilikuwa la nani. Daktari alisema kioo hudanganya macho, na mkono huyaamini macho. Mume akasema, kama ni hivyo, aliyefunga ndiye afungue. Mkoba wa vifaa ulikuwepo, Msusi haendi mahali bila mkoba, na uzi mweusi ulikuwemo. Mume akaukata kipande, akauzungusha kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa mkewe, akafunga kama alivyofunga siku ile. Hakuhitaji kujaribu kukumbuka, mikono ilikuwa inatetemeka vilevile, na fundo likakaa upande.

Msusi aliingiza kigutu nyuma ya kioo. Akatazama. Mkono wa kushoto ulikuwepo, umefumbwa, na uzi juu yake.

"Kama hutaki, tuache," mumewe akamwambia, mkasi mkononi. "Nitakukanda mpaka tuzeeke. Sitachoka."

"Kata," Msusi akasema.

Alikata. Kwenye kioo uzi ulilegea, ukaanguka, na kule, chini ya ule uzito wote, kitu kilikatika na damu ya moto ikaingia kwenye kiganja mpaka ncha za vidole. Msusi alishusha pumzi. Sasa ilibaki ngumi, na ngumi ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa amejiandaa. Alijua mtoto atashtuka, atamng'ang'ania, naye alikuwa na maneno tayari ya kumtuliza, maneno ambayo hakupata kumwambia chini ya zege: kwamba asiogope, kwamba mama hayuko mbali, kwamba mama anakuja. Alishapanga lipi litangulie. Akafungua kidole cha kwanza, cha pili, akafungua mkono wote, akakiweka kiganja wazi.

Vidole vidogo vilichomoka mara moja. Vilichomoka kwa haraka, kwa furaha, jinsi vilivyokuwa vikichomoka asubuhi kwenye geti la shule wenzake wakimwita, begi linamruka mgongoni, na mama amebaki na mkono hewani. Kisha kiganja kikawa kitupu. Kikakauka. Halafu nacho kikaanza kuondoka, kidole baada ya kidole, bila kuuma, na kwenye kioo pakabaki picha tu ya mkono wa kulia.

Daktari akauliza, "Maumivu?"

"Hakuna."

"Unasikia kitu chochote?"

Msusi alitikisa kichwa. Alimgeukia mumewe, midomo inamcheza, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mama yeyote anayemshtaki mtoto kwa baba yake.

"Hakuniaga," alisema. "Baba, mwanao ameondoka, hata kuniaga hakuniaga."